Kasuku wa Patron

"Noko, mwanamuziki akipata pesa nyingi, si ndipo ataimba vizuri zaidi?"

Swali zuri hilo! Aliyeliuliza asogee mbele, akae karibu na mjomba wake. Watu wazima wengi hawaulizi. Wanamwona msanii akishuka kwenye gari jipya, wanapiga makofi, wanadhani na wimbo wake utakuwa mpya. Wewe umeuliza. Umefanya vema sana.

Jibu lake lina ndiyo, na lina hapana. Tuanze na hapana, kwa sababu ndani yake kuna ndege.

Mnamjua kasuku wetu wa kijivu, mwenye mkia mwekundu. Misitu ya mkoa wetu wa Tshopo ni kwao. Watu wanadhani yeye ni fundi wa kuiga binadamu tu. Sivyo. Zamani, Kongo yetu ilipoitwa Zaire, wataalamu waliwarekodi kasuku wa mwituni humu nchini, wakawasikia wakiiga ndege wengine, hata popo. Nani aliwafundisha? Hakuna. Nani aliwalipa? Hakuna. Walisikia, wakapenda, wakajaribu.

Basi, hapo kale palikuwa na kasuku mmoja aliyekaa msituni, kando ya reli ya Ubundu. Huyo alijua sauti nyingi. Alijua hondohondo anavyoita. Alijua chura anavyolalamika. Alijua mvua inavyogonga majani mapana. Kila asubuhi alizichanganya. Leo chura na mvua. Kesho mvua na treni.

Tajiri mmoja wa mjini akamchukua, akamleta Makiso, hapa Kisangani. Akamweka uani, kwenye kibanda kidogo cha mbao. Tajiri huyo hakuwa mtu mbaya. Alimpenda ndege wake. Siku ya kwanza kasuku akaimba mvua. Tajiri akasema, "Mm." Siku ya pili akaimba chura. Tajiri akasema, "Mm." Siku ya tatu, kwa bahati tu, kasuku akatamka neno alilolisikia kwa watumishi wakimwita bosi wao: "Patron!"

Ah! Tajiri alicheka mpaka akashika tumbo. Akampa chikichi moja, nono, jekundu.

Mnajua kilichofuata? Kasuku si mjinga. "Patron!" Chikichi. "Patron!" Chikichi. Mvua? Hakuna chikichi. Chura? Hakuna chikichi. "Patron!" Chikichi.

Akanenepa. Manyoya yakang'aa. Wageni wakija, yeye ndiye anayeonyeshwa kwanza.

Siku moja mtoto wa jirani akamwinamia, akamwuliza, "Kasuku, mvua ya msituni inasikikaje?" Kasuku akafungua mdomo. Akafikiri. Akafikiri tena. Kisha akasema, "Patron!"

"Noko, kwani alikuwa amefungiwa?"

Mwacheni kasuku ajibu mwenyewe.

"Mimi? Sikufungiwa. Mlango ulikuwa wazi. Asubuhi niliuona wazi, jioni niliuona wazi. Hakuna aliyenikataza mvua. Ila kila nilipotaka kuimba mvua nilijiuliza: hii italeta machikichi mangapi? Na wimbo ukishapigiwa hesabu kabla haujaimbwa, hautoki. Unakwama hapa kooni."

Mmemsikia. Sasa tumalizie. Biashara ya tajiri ikaanguka. Akapanda boti kwenda Kinshasa, kasuku akabaki uani. "Patron!" Kimya. "Patron!" Kimya. Nani atamlipa? Patron hayupo.

Yule mtoto wa jirani akaja na machikichi mkononi. Akayaweka chini. Hakumwomba kasuku neno lolote. Kesho yake akaleta mengine. Hakuomba neno. Kasuku akala, akanyamaza, akawa anasikiliza. Zikapita siku nyingi. Kisha mvua kubwa ikaupiga mji, na kasuku akaimba mvua. Lakini haikuwa ile ya zamani, mvua ya majani. Aliimba mvua inavyogonga mabati! Msituni kwao hakuna kasuku aliyewahi kuuimba wimbo huo.

Angalieni vizuri, wapwa zangu. Machikichi ni yaleyale. Mara ya kwanza yalimziba mdomo. Mara ya pili yalimfungua. Tofauti iko wapi? Iko kwenye swali moja tu, na leo tutalibeba mpaka mwisho: nani anachagua wimbo?

"Noko, hiyo ni hadithi ya ndege. Watu je?"

Umenibana, na umefanya vizuri kunibana. Haya, tuje kwa watu.

Sikilizeni wimbo mrefu wa dansi kutoka Kinshasa. Gitaa linaanza. Sauti tamu inaingia, inalilia mapenzi. Halafu ghafla, jina la mtu. Halafu jina lingine. Jina la mwenye maduka. Jina la mwanasiasa. Jina la kijana anayeishi Ulaya. Hayo ndiyo mabanga. Mwanamuziki anatupa mabanga: anataja majina, na wenye majina wamelipa, au anatumaini kwamba wakijisikia watalipa. Kuna albamu zina majina mengi kuliko darasa lenu.

"Kwa hiyo wanamuziki hao ni wabaya?"

Hapana. Tusiwahukumu haraka. Jiulizeni kwanza walifikaje hapo. Mtu anarekodi wimbo mzuri. Kabla ya wiki kwisha, wimbo umenakiliwa, unauzwa barabarani kwa bei ya karanga. Unapigwa kwenye baa, unapigwa kwenye taksi, unapigwa harusini, naye mtunzi hapati kitu, au anapata kidogo sana. Ana watoto. Ana kodi ya nyumba. Ana wapiga gitaa wanaosubiri mshahara. Anakuja mtu mwenye pesa, anasema, "Nitaje mara tatu." Wewe ungefanyaje?

Lakini tazameni kilichobadilika. Wimbo ulikuwa unauzwa kwa anayesikiliza. Sasa unauzwa kwa anayetajwa. Na anayetajwa hataki kushangazwa. Anataka jina lake lisikike vizuri, mahali pazuri, kabla ya jina la jirani yake. Wapo mafundi wanaotaja jina kwa utamu hadi unacheka. Lakini wimbo juu ya mwalimu asiyelipwa, nani ataulipia? Wimbo juu ya mto, nani ataulipia? Haukukatazwa na mtu. Unakwama tu kooni. Nani amechagua wimbo?

Waulizeni koko zenu, babu na bibi, watawaambia jambo la zamani zaidi. Rais Mobutu alitawala nchi yetu kuanzia 1965 hadi 1997. Katika miaka hiyo kulikuwa na kitu kinaitwa animation. Shule zilikuwa na vikundi vyake, makampuni vilevile, mikoa vilevile. Watu walivaa vitenge vyenye sura ya rais, wakacheza, wakamwimbia yeye na chama chake. Kulikuwa na vipaji vikubwa mle ndani. Miguu hodari, sauti kali, wapiga ngoma wa kweli. Wengi hawakuulizwa kama wanataka. Nani alichagua wimbo? Hapo hata msihangaike kujibu.

"Noko, na kama hakuna patron? Kama hakuna anayeamrisha?"

Ee! Mwenye swali hili ana masikio. Maana wakati mwingine patron hayupo, na bado tunasema "Patron!"

Twende mbali kidogo, mpaka Dar es Salaam. Miaka ya mwisho ya 1960 kulikuwa na mtu anaitwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya mbao, akachukua rangi ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli, akaanza kuchora. Chui wenye macho makubwa. Ndege. Miti. Akapata mtindo wake mwenyewe. Watu wakanunua. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na mtindo wote ukabeba jina lake. Mpaka leo familia nyingi zinakula kwa mtindo huo, na katikati yao wapo wachoraji hodari wanaobuni.

Ila tembeeni kwenye vibanda vya watalii, Dar es Salaam au Zanzibar. Utamwona tembo chini ya mlima. Kibanda cha pili, tembo yuleyule chini ya mlima uleule. Kibanda cha tatu, tembo yuleyule. Nani aliamrisha? Hakuna. Ila jana mgeni alinunua tembo. Leo kuna kodi ya kulipa. Basi mchoraji anachora tembo tena. Anajua twiga wa ajabu aliyemwota usiku anaweza kukosa mnunuzi. Tembo hakosi. Nani anachagua wimbo? Wimbo wa jana ndio unaochagua wimbo wa leo.

"Basi, Noko, ni afadhali msanii awe maskini!"

Hapana! Tena hapana! Nilijua mtanipeleka huko, na ni vizuri mmenipeleka, kwa sababu watu wazima wengi wanapotelea hapo. Wanasema, "Msanii akilala njaa ataimba vizuri." Anayesema hivyo kwa kawaida ameshiba.

Njaa nayo inachagua wimbo, wapwa zangu. Njaa ni patron mkali kuliko wote. Mpiga gitaa ambaye uzi umekatika na hana pesa ya uzi mwingine, ataimbaje? Mchezaji aliyelala na malaria, atachezaje? Huku kwetu Kisangani tuna bwawa la umeme palepale kwenye Mto Tshopo, na bado kuna usiku mwingi wa giza. Mtu mwenye muziki kichwani anakaa gizani, anasubiri umeme, na asubuhi anatoka na baiskeli yake kubeba abiria wa toleka, kwa sababu mtoto lazima ale. Msanii mmoja akitoka kwenye umaskini na kazi nzuri, wote tunamwona. Mia walioacha brashi na gitaa, nani anawaona?

Kwa hiyo msiniambie habari ya maskini na tajiri. Niambieni: nani anachagua wimbo?

"Noko, yupo mtu wa kwetu aliyepata pesa na bado akachagua mwenyewe?"

Yupo mtu wa kumtazama. Faustin Linyekula, mtunzi wa dansi. Alizaliwa mwaka 1974 huko Ubundu, mwisho wa reli yetu. Akakulia Kisangani. Vyuo vikuu vilipofungwa, akaondoka, na mwaka 1993 akaenda Nairobi. Huko, mwaka 1997, yeye na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen wakaanzisha kundi la Gàara, wakacheza dansi ambayo Kenya ilikuwa haijaizoea. Mwaka 2001 akarudi Kongo, akaanzisha Studios Kabako kule Kinshasa. Kazi zake zikaalikwa Ulaya. Majumba makubwa, taa nzuri, hoteli yenye maji ya moto. Starehe yote ilikuwa pale, mkononi.

Mnajua alifanya nini? Mwaka 2006 aliihamishia Studios Kabako hapa Kisangani.

"Hapa? Kwa nini hapa?"

Hata watu wazima walijiuliza. Miaka 6 tu ilikuwa imepita tangu Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humu mjini siku 6, mabomu yakianguka juu ya nyumba za watu. Huwezi kuja Kisangani kutafuta starehe ya jukwaa. Lakini ukija na kazi yako, na pesa kidogo uliyoipata mbali, unaweza kuwapa vijana mahali pa kujifunza dansi, muziki, tamthilia na sinema, ukawasaidia kutengeneza kazi zao wenyewe. Ndiyo kazi ambayo Studios Kabako imekuwa ikifanya, pamoja na wakazi wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Pesa imetoka mbali. Mada inatoka hapa, kwenye vumbi la hapa, mvua ikigonga mabati ya hapa.

Mwaka 2007 alipewa tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi. Sasa fikirini. Umepewa tuzo. Rahisi kuliko vyote ni nini? Ni kurudia ileile iliyokupa tuzo. Mwaka 2009 Linyekula alitoka na kazi iitwayo "more more more… future". Ndani yake alichukua ndombolo. Ndiyo, ndombolo, muziki uleule wa mabanga! Akampata Flamme Kapaya, mpiga gitaa aliyekuwa amepata sifa kubwa katika bendi ya Werrason, Wenge Musica Maison Mère. Gitaa linawaka. Wachezaji wanaruka. Nayo maneno? Hayakuwa majina ya wenye pesa. Yalikuwa mashairi ya Antoine Vumilia Muhindo, mfungwa wa kisiasa.

Mmeona alivyofanya? Mfungwa hana hata faranga ya kulipa ili atajwe. Akaimbwa yeye.

Na mwaka 2011, akiwa tayari amezunguka dunia, alitunga kazi ya kucheza peke yake, "Le Cargo". Kwa ajili yake alirudi Obilo, kijiji cha utoto wake kwenye njia ya reli, kutafuta ngoma alizozikumbuka. Mtu anayealikwa kila mahali akarudi kuuliza kama mtoto: zile ngoma ziko wapi? Nami nawaambia, anayeuliza hivyo bado hajanenepa vibaya.

"Lakini Noko, wazungu wanaolipa, wao hawachagui wimbo?"

Yesu wangu! Nani huyu? Mpeni maji ya kunywa, huyu amefika mbali.

Wanachagua, mwanangu, wakipewa nafasi. Patron wa mbali ana sauti ya upole. Hasemi, "Nitaje mara tatu." Anasema, "Tunapenda sana kazi zinazohusu vita." Halafu mwaka unaofuata tena, vita. Na msanii, taratibu, anaanza kulia kila anapoona kamera. Chikichi la Ulaya nalo linaweza kuziba mdomo.

Mjue kuna njia ya kupita hapo. Yupo Dieudo Hamadi, mzaliwa wa mji huu, mwaka 1984. Alisomea udaktari, akaishia kwenye sinema. Mwaka 2014 alitoa filamu "Examen d'État". Inatokea hapa hapa Kisangani, kuhusu wanafunzi wanaotafuta pesa na kukesha kujiandaa kwa mtihani wa serikali. Kaka na dada zenu, kabisa! Kisha akatengeneza "En route pour le milliard", kuhusu majeruhi wa ile Vita ya Siku 6, wakishuka mto kwa boti mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Mwaka 2020 tamasha la Cannes la Ufaransa liliichagua. Ni vita, ndiyo. Ni kitu ambacho watu wa mbali hupenda kukilipia. Lakini waangalieni watu hao ndani ya filamu. Wanagombana. Wanapanga safari. Wanapanda jukwaani, na magongo yao, wanaigiza wenyewe yaliyowapata. Hakuna aliyewageuza kuwa machozi tu. Wamechagua wimbo wao.

"Noko, mimi nataka kuwa mchoraji. Nitajuaje kama pesa imeniharibu?"

Njoo nikunong'oneze, lakini wengine pia sikilizeni.

Mwenye duka akikulipa uchore sabuni kwenye ukuta wake, mchoree sabuni. Ichore vizuri, ing'ae. Amelipa, ni haki yake, na wewe utakula. Hakuna aibu hapo. Kisha rudi nyumbani, chukua karatasi tupu. Siku hiyo hakuna aliyekuagiza. Hakuna anayesubiri kununua. Kaa nayo. Mkono unakwenda? Kuna kitu kinakuwasha, kitu ulichokiona sokoni, au mtoni, au kwenye uso wa mama yako? Basi chora, hata kama ni kibaya. Pesa haijakudhuru. Na siku utakapokaa na karatasi tupu, ukajikuta unachora sabuni, bila kulipwa, kwa sababu huna kingine, siku hiyo anza kuogopa. Nenda Obilo yako, popote ilipo.

"Nikiogopa sana, niikatae pesa?"

Usiikatae haraka. Pokea, kula, nunua rangi. Ila kila ukilipwa kazi moja, fanya na nyingine ambayo hakuna aliyeiomba. Hiyo ya pili ndiyo itakayokuweka macho.

"Noko, na wewe je? Umelipwa kutusimulia haya?"

Hee! Sasa mmenigeukia mimi. Ndiyo, nimelipwa. Nimepewa chai, na lituma, na kipande cha samaki. Lakini aliyenipa hakuniambia niseme nini.

"Na kama angekuambia?"

Basi leo mngesikia hadithi ndefu ya mtu mmoja mkarimu sana wa Makiso, ambaye lituma yake inashinda lituma zote za mjini, na ningemtaja mara tatu.